Kufuli la Mlango wa Uani

Simulizi yangu naituma kila Jumatatu na Alhamisi kwenye kundi la simu la wanawake, wengi wao wa hapa hapa Ngamiani. Mwanamume niliyemtunga ni mzuri, mkali, ananukia udi, na hataki mkewe atazamwe na mtu. Katika sehemu ya tatu anamfungia mke ndani kwa kufuli, anaondoka na ufunguo, na jioni anarudi na zabibu, akilia. Wasomaji walipagawa. "Mume wa hivi nampata wapi mie?" aliandika mmoja, na wenzake wakamuunga mkono siku nzima.

Niliona fahari, sikatai. Lakini yule nilimnakili kutoka kwa mume wangu, nikamwongezea maneno matamu ambayo mwenyewe hana.

Huku kwetu wanawake hatugongi mlango wa mbele. Tunapita uani, nyumba hadi nyumba, kuombana chumvi na kupeana habari. Mume wangu anapokwenda dukani kwake hufunga wa mbele, na siku moja akautia kufuli na ule wa uani. Majirani niliwaambia mbao zimevimba kwa mvua. Mvua zikaisha, mbao zangu zikaendelea kuvimba. Niliona haya kusema kweli, mimi ninayejidai nayajua mapenzi.

Mdogo wangu, anayekaa na wazazi Kigombe, alikuja Jumatano asubuhi, akagonga uani kama kawaida yetu.

"Dada, shikamoo. Fungua, nina habari."

"Marahaba. Sema hapo hapo, mlango umevimba."

Akacheka. Akasema barua ya posa imefika, na baba anataka jibu lake Ijumaa. Mchumba humpigia simu kila saa. Amemkataza kwenda kwa shangazi. Juzi mchumba alimvunjia simu, kisha akalia mpaka mdogo wangu ndiye akambembeleza.

"Kama yule wa simulizi yako, dada. Nami nimempata wangu."

Hasira zilinipanda, na zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Zabibu zile nilizitunga. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kurudi na zabibu.

"Mlango haukuvimba," nikasema. "Una kufuli. Ufunguo anao shemeji yako."

Nilikiona kivuli chake chini ya mlango, hakisogei.

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoandika sehemu ya tatu."

Sehemu hiyo alikwisha kuniambia ameisoma mara nne. Nikamsikia akiusukuma mlango kwa bega, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbao zililia tu.

"Basi mie Ijumaa nasema sitaki," akasema, akihema. "Na weye, dada?"

Nikamwambia aende zake upesi, shemeji yake hurudi adhuhuri kula.