Wadudu wa Mabawa Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu mkubwa hajapata kukosea maishani mwake. Muulize mwenyewe. Tangu baba atutoke yeye ndiye msemaji wa nyumba, ndiye aamuaye bati la jikoni libadilishwe lini na samaki wa leo ananuka au hanuki. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, ila elimu yake haina forodha.

Masika yaliyopita, mvua ya kwanza ilipopiga Kisauni kisha jua likachomoza ghafla, wadudu wa mabawa walianza kutoka kwenye ufa wa sakafu chumbani kwa mama. Ufa wenyewe ulikuwa ubavuni mwa mguu wa kitanda chake. Mimi nilikuwa nimetoka Mikindani, ninakofundisha sayansi shule ya msingi, nimekuja kumjulia mama hali. Kaka alichungulia mara moja tu, akiwa bado mlangoni na viatu mkononi.

"Mchwa," akasema. "Wallahi nilijua. Kitanda hiki kimekwisha kuliwa. Kitoke leo, kikachomwe, kabla hawajapanda darini."

Kitanda hicho ni samadari ya mvule, miguu imekerezwa, na mama aliingia nayo kwa mumewe. Sote tulizaliwa juu yake. Mama alilala hapo na mume, kisha akalala hapo na eda, na sasa alikuwa analala hapo na magoti yake mabovu. Kaka alikuwa ameshamchagulia kingine huko Magongo, chenye kichwa cha ngozi ya bandia na vifungo vinavyong'aa, kitanda cha kumlaza mwanasiasa. Mama alikuwa amekikataa mara nyingi kwa upole. Sasa wadudu walikuwa wamempa kaka sababu.

Nikachukua sahani nyeupe, nikawakusanya wachache. Hawakuwa mchwa. Mchwa wa mabawa, yaani kumbikumbi, hana kiuno. Ni mnene mfululizo, vipapasio vyake vya kichwani vimenyooka, na mabawa yake manne yana urefu mmoja. Hawa walikuwa na viuno vya kubanwa, vipapasio vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele yameyapita ya nyuma. Walikuwa chungu, yaani sisimizi wa kawaida, waliotoka kwenda harusini. Chungu wa aina hii hali mbao. Alikuwa anapita tu.

Nilimweleza kaka kwa adabu zote. Akainama, akavaa miwani, akamnyooshea kidole mmoja mkubwa aliyezungukwa na wadogo wengi.

"Basi huyo ndiye dume," akasema. "Bwana mkubwa. Na hao wadogo ni wakeze. Waona? Hata wadudu wana mpango."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama ukuta.

Nikamwambia ni kinyume. Yule mkubwa, mwenye kifua kipana na tumbo zito, ndiye malkia. Madume ndio wale wembamba, wenye kichwa kidogo na macho makubwa. Dume hachimbi, haleti chakula, halei mtoto. Hutoka siku ya harusi, akala sifa za siku moja, akafa. Nilikiri moyoni kwamba naifurahia sayansi kuliko siku zote, na huenda uso wangu ulionyesha.

"Wewe umezowea kuwasomesha watoto," kaka akasema. "Mbao haisemi uongo. Tutaikata tuone ndani."

Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa wake mbele ya mkewe, na mama hamfedhehi mwanawe wa kwanza. Ndiyo adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomletea kaka msumeno. Mama alisema tu, "Mwanangu, ngoja kwanza," naye akajibu, "Naam, mama," kwa heshima kubwa, huku ameshapiga goti. Nami, na sayansi yangu yote, nilishika sahani.

Mguu ulikatika. Ndani mbao ilikuwa nyekundu, kavu, nzima kabisa, inanukia kama imepasuliwa jana. Hapakuwa na tundu hata la sindano. Samadari ikainama upande mmoja, ubao wa kichwani ukapasuka kwa uzito wake. Kaka alikitazama kile kipande cha mguu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa tuna hakika."

Kisha adhana ya alasiri ikamwokoa, akaenda msikitini. Nilitamani kumtupia sahani.

Mama aliketi juu ya godoro lililoteremshwa sakafuni, miguu ameinyoosha. Malkia mmoja alikuwa ametua karibu na kanga yake, anayavunja mabawa yake mwenyewe kwa miguu, moja baada ya jingine.

"Afanyani huyu?" akauliza.

Nikamwambia harusi imekwisha. Sasa atachimba shimo peke yake, ajifungie humo, awalishe wanawe wa kwanza kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, bila mume na bila msaidizi.

"Na hao wanawe wa kwanza, huwa wa kiume?"

"La, mama. Huwa wa kike. Wote."

Mama akaushika ule mguu uliokatwa, akaupangusa vumbi la mbao kwa ncha ya kanga.

"Yuna bahati," akasema.