Hindi la Arobaini

Niwataje kwanza waliokuwepo, mtu asije akasema bibi anatunga. Nilikuwepo mimi, wakati huo naitwa Mama Leonsi, nina watoto watatu na mgongo usiojua kuuma. Alikuwepo Modesta, wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, msichana wa kucheka ovyo. Alikuwepo Bwana Shamba Malaki, ambaye hakuwa ndugu yetu, ila alikula kwetu mara nyingi mpaka watoto wakamwita baba mdogo. Alikuwepo Domitila wa Katumba, ambaye hatukuwa na undugu naye hata wa kuombana chumvi, na huyo ndiye habari yenyewe. Nyumbani Misunkumilo alibaki mama mkwe wangu, Kalunde, Mkonongo wa Inyonga. Yeye hakwenda uwanjani, lakini mwisho wa maneno yote ulikuwa kwake.

Mwanangu, nakuandikia kwa mkono wa darasa la nne, basi nisome taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, sikukuu ya wakulima ndiyo kwanza imehamishwa kutoka Saba Saba kwenda Nane Nane. Mpanda yetu ilikuwa wilaya ya Rukwa, hilo jina la Mkoa wa Katavi lilikuwa halijazaliwa. Watu walikuwa bado wanachanganya tarehe. Mzee mmoja wa jirani alibeba boga lake mpaka mjini mwezi wa saba, akakuta uwanja mtupu na mbuzi wawili, akarudi nalo kichwani. Mwezi wa nane akalileta boga lile lile, akasema sasa limekomaa vizuri.

Bwana Shamba Malaki alipita nyumbani akatuambia mwaka huo kutakuwa na shindano. Mwenye mahindi bora ya mbegu atapewa jembe la kukokotwa na maksai. Jembe hilo, mwanangu, nililiota. Sisi tulilima kwa mkono, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walikuwa wanamaliza shamba zima wakati mimi bado natafuta pa kuanzia.

Na mbegu tulikuwa nayo. Mama Kalunde aliolewa nayo kutoka Inyonga, ndani ya kibuyu: mahindi meupe, punje pana kama jino la ng'ombe, yanayowahi kukomaa hata mvua ikikata mapema. Kwetu mbegu haikai ghalani. Unachagua mahindi mazuri, unakunja maganda nyuma, unafunga mawili mawili, unatundika juu ya meko. Moshi unayapiga tangu mavuno mpaka mvua, yanakuwa meusi tii, na mdudu dumuzi hayasogelei. Mtu mwingine hayagusi. Na hayatoki yote nyumbani, hata kwa dakika moja.

Nilipopanda kuyashusha, mama alikuwa mlangoni.

"Mama Leonsi, acha jozi moja juu."

"Ndiyo, mama."

Nilisema ndiyo. Alipokwenda bustanini nikayashusha yote arobaini. Niliona jozi moja ikibaki, meza yangu itapungua, na mwingine atachukua jembe langu. Tayari nilikuwa nawashuku watu ambao sijawaona.

Modesta akayanusa. "Wifi, haya yananuka moshi. Wakubwa watadhani tumetoroka nayo nyumba inaungua."

Basi nikafanya ambalo hakuna mwanamke wa kwetu amewahi kufanya. Niliyamenya maganda, nikayaloweka kwenye ndoo usiku kucha ili masizi yalegee, alfajiri nikayasugua kwa magunzi mpaka yakang'aa. Mama alikuwa bado amelala. Nikayafunika kwa kanga, tukaondoka.

Mwanangu, uwanja ulikuwa umejaa. Mabanda ya nguzo na nyasi, mengine yameezekwa bati, kila kata na lake. Tumbaku imening'inizwa kama nguo zilizofuliwa. Asali ya porini kwenye madebe, nyuki wameifuata mpaka mjini. Dume la ng'ombe lenye nundu kama kichuguu, na mwenyewe pembeni analisifu kwa Kisukuma. Banda letu lilipakana na la Katumba, wale Warundi waliokimbilia kwetu mwaka sabini na mbili. Siku zile tulisema mengi juu yao, mengi ya kijinga, na mimi nilikuwa nayasema pamoja na wenzangu.

Mwanamke mmoja wa banda lile, mrefu, mkimya, alikuja mezani kwangu. Jina lake Domitila. Hakusema mahindi mazuri kama wengine. Alichukua moja, akaliweka shavuni, akafumba macho. Akalirudisha. Akachukua la pili, shavuni tena.

Nikamwambia, "Dada, kwenu mnanunua mahindi kwa shavu?"

"Yaanike," akasema. "Yatandaze pale juani, leo hii."

Pale juani ilikuwa njia ya watu wote. Nikajisemea, aha, anataka nitandaze mali chini ili kila mkono upite nayo. Nikamjibu kwamba mahindi yangu yamekauka tangu mwezi wa sita. Aliniangalia kidogo, akarudi kwao. Jua lilipoelekea kuzama nikahesabu kabla ya kufunga. Thelathini na tisa. Nikahesabu tena, nikamhesabisha Modesta. Thelathini na tisa.

"Labda lilibaki kwenye ndoo," Modesta akasema.

"Halikubaki kwenye ndoo. Lina miguu, limekwenda Katumba."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikaona changu kiko banda la pili. Nilikuwa na gunia la mbolea, lile lenye nailoni ndani. Nikayasukumiza mahindi yote humo, nikakaza kamba, nikalisukuma chini ya meza, nikalikalia.

Siku tatu, mwanangu. Nane Nane ile niliiona kwa masikio. Ngoma zilipigwa ng'ambo ya uwanja, nikamuuliza Modesta ni za nani. Watu wa wanyamapori walileta chatu ndani ya sanduku la waya, nikasikia akina mama wakipiga yowe. Maksai walionyesha kulima mstari mnyoofu kwa jembe jipya, jembe lenyewe la zawadi, sikunyanyuka. Usiku nililala juu ya gunia, na lilikuwa na joto, nikaona ni mwili wangu. Kila Domitila alipopita nilikaza goti. Mara moja alisimama.

"Dada, bado hujaanika?"

"Na wewe bado unayatafuta?"

Akaondoka. Modesta alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, ukipewa jembe utalala nalo pia?"

Siku ya kilele walikuja waamuzi, watatu, na Bwana Shamba Malaki mbele yao anatabasamu, maana alikuwa ametusifu njia nzima. Meza yangu ina boga moja tu.

"Mama Leonsi, tuonyeshe."

Niliangalia kwanza banda la Katumba. Kisha nikafungua kamba.

Ulitoka mvuke. Baada ya mvuke ikatoka harufu, na kila mtu pale aliijua, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amekunywa pombe ya mahindi. Nikaingiza mkono, yalikuwa ya moto. Punje zimepasuka, vimizizi vyeupe vimetoka kama meno ya mtoto, na palipokosa mizizi pana ukungu wa kijani.

Mwamuzi mmoja aliinama akatazama. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, banda la kimea liko kule mwisho."

Uwanja ulicheka. Modesta peke yake hakucheka. Wahenga walisema akiba haiozi, na mimi yangu ilioza nikiwa nimeikalia.

Nyumbani nililimwaga gunia mbele ya mama Kalunde, nikamweleza yote, na lile hindi lililoibiwa nikaliweka mbele ili kosa lipate mwenzake. Mama hakupandisha sauti. Alikwenda jikoni akatazama juu ya meko, kamba tupu zinaning'inia. Alikaa humo muda mrefu. Mbegu ile ilikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake. Alipotoka akaniambia:

"Umeikalia mbegu kama kuku. Basi imeanguliwa."

Nikapiga magoti.

"Kesho utakwenda Katumba."

"Mama, kwa yule mwizi?"

"Sasa uende kwa nani? Kama kuna hindi letu moja lililo hai duniani, liko kwake. Muombe Mungu awe ameiba kweli."

Mwanangu, hayo maneno sijayasahau. Usiku kucha nilimuomba Mungu yule mwanamke awe mwizi.

Nilikwenda kwa miguu na kuku kwapani. Nikauliza nyumba kwa nyumba mpaka nikaonyeshwa. Domitila alikuwa anapura maharage, akanipa kigoda, akanipa maji, hakuniuliza nimefuata nini. Jiko lake lilikuwa wazi. Juu ya meko yake, katikati ya mahindi yake ya manjano, limefungwa kwa uzi peke yake, lilikuwa hindi jeupe, punje pana. Masizi yameshaanza kulishika.

"Lile ni langu," nikasema.

"Ni lako."

"Ulilichukua bila kuniomba."

"Ningeomba, ungenipa?"

Nilitaka kudanganya, nikaona nimeshadanganya vya kutosha mwezi ule. "Nisingekupa."

Akaendelea kupura. "Tulipokimbia kwetu, mama yangu alibeba mtoto na sufuria. Mbegu ilibaki. Mwaka wa kwanza hapa tulipanda mbegu ya kupewa, hatujui jina lake. Tangu siku hiyo, dada, nikiona mbegu nzuri inakufa, mkono unatangulia mdomo." Akayageuza maharage kwa fimbo. "Yalikuwa na baridi ya maji. Nilikwambia uyaanike."

Nilimwangalia sana. Je, alilichukua kuliokoa, au alilitaka liwe lake, na kuniambia nianike kulikuwa kunipumbaza? Sikujua. Na nikwambie ukweli, mpaka leo sijui. Alisimama, akalishusha, akalivunja katikati kwa goti. Nusu akanipa, nusu akairudisha juu ya meko yake. Nikamwachia kuku.

Nusu ile tuliipanda nyuma ya bafu, mimi na mama Kalunde, punje moja moja, tukailinda na kuku na mbuzi kama mgonjwa. Mwaka uliofuata tulitundika jozi nne. Mahindi mnayokula mkija likizo yametoka kwenye nusu hiyo. Jembe alipewa mtu wa kijiji kingine, na sikumshuku, maana sikuwa na nguvu tena.

Sasa nasaha, mwanangu. Sikuambii uache kushuku. Mimi bado nashuku, na mkileta mchumba nyumbani nitamtazama mikono kabla ya uso. Kushuku ni mbwa wa nyumba, anabweka, ndiyo kazi yake. Ila mbwa akibweka, mwenye nyumba anatoka nje kuuliza ni nani, hamalizi siku tatu amekaa juu ya gunia. Domitila alisema neno moja, yaanike, nami nilipima mdomo uliolisema nikaacha kupima mahindi. Ningeyaweka shavuni kwangu tu, ningejua. Shavu nilikuwa nalo.

Na ukiwa na kitu kizuri, usikitoe chote kwenda kuonyesha watu. Jozi moja ibaki juu ya meko. Siku hizi mnapeleka kila kitu kwenye simu mpaka nyumbani hakibaki kitu. Halafu kile kingine ulichonacho, gawa kidogo ungali unaombwa, maana mficha uchi hazai, na mbegu iliyoko nyumba moja ina siku zake.

Mama Kalunde amelala Inyonga. Domitila aliondoka baadaye na wanawe, sijui walikwenda wapi, na kama mbegu ilikwenda naye, iwe imeota. Kama yupo anayesoma hapa ambaye alikuwepo siku ile, au mtoto wake, na nimekosea jina la mtu au siku ya jambo, anisahihishe bila kuniogopa. Hasa Modesta, ambaye macho yake bado mazima: wifi, kumbuka vizuri, tulipoondoka nyumbani yalikuwa arobaini kweli, au yalizidi, na lipo jingine lililochukuliwa? Nilihesabu gizani.

Mungu awajalie mvua inayokuja kwa wakati wake, meko yasiyozimika, na jirani wa kuwaambia ukweli hata mnapomtazama vibaya.