Trei Nilizosoma Siku ya Tisa

Nyasi zikiwa changa zinafanana zote. Nimefanya kazi miaka mingi katika kibanda cha kupimia mbegu hapa Njombe, na hadi leo siwezi kutenganisha aina mbili kwa kuziangalia tu. Ndiyo maana tulizinyunyizia dawa ya kuchochea ukuaji. Aina laini hurefuka haraka, aina ngumu, ile inayostahimili baridi kali, hubaki fupi. Ukikuta miche mirefu na mifupi kwenye trei moja, ujue gunia limechanganywa.

Maelekezo ya dawa yalisema tusome trei siku ya tisa, lakini yaliandikwa kwa ajili ya mahali penye joto. Kwetu, Julai, mche unalala tu. Sote tulijua lazima usubiri wiki mbili.

Mwaka mmoja nilisoma siku ya tisa. Mgongo uliniuma, vidole vilikufa ganzi, na nilitaka kwenda kwa binti yangu Makambako nikaote jua. Miche ilikuwa mifupi yote. Nikaandika kwamba ni aina moja, ngumu, nikapanda gari.

Niliporudi baada ya wiki, nusu ya miche ilikuwa imerefuka hadi imeinama. Gunia lilikuwa limeshachukuliwa na mama mmoja mjane wa Mdandu, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Mvua zilikuwa bado mbali, hajapanda. Ningeweza kwenda kumwambia. Nikaimwaga miche nyuma ya kibanda, nikanyamaza.

Julai iliyofuata sakitu, ule umande unaoganda usiku, iliunguza nusu ya malisho yake. Akaja na kitita cha majani makavu, akakiweka mezani kwangu.

"Kamwene, mzee wa dawa. Hii ndiyo ile ngumu?"

"Kamwene, mama. Hiyo ni laini. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujapanda."

Alicheka kidogo, cheko kavu. "Basi njoo mwenyewe uwaeleze ng'ombe. Mimi wamechoka kunisikiliza."

Nilikwenda na mundu. Tulikata majani bondeni siku baada ya siku, yeye akinionyesha pa kukata. Ng'ombe mmoja alikauka maziwa kabla ya mvua. Siku hiyo mama alinitengenezea chai ya rangi, akaniwekea mbele.

"Kunywa, mzee," alisema. "Maziwa unajua yalikokwenda."