Viti vya Kilio

Nyumba yetu ya Kadutu iko juu ya njia, kwa hiyo ukisimama ukutani unaona ua wote wa jirani wa chini. Niliona turubai likifungwa, viti vya plastiki vikishushwa vichwani mwa vijana, kisha kuni, unga, na samaki wadogo wa sambaza kwenye mabeseni. Kwaya ya parokia ikafika na ngoma zake. Mkuu wa genge lililotutesa miaka yote alikuwa amekufa kwa risasi za wenzake, na kilima kizima kilikuwa kikishuka kumlilia.

Niliona wivu. Sina neno lingine.

Nilimjua tangu alipokuwa akibeba mizigo ya watu sokoni, yeye na rafiki zake. Baadaye walianza kulinda vibanda vya wachuuzi ambao hawakuwaomba ulinzi. Aliyekataa, kibanda chake kiliungua. Yakaja mapanga, zikaja bunduki. Ikawa asubuhi nyingine tunakuta mtu amelala kwenye ngazi za mtaa, tunampita tukiangalia pembeni.

Mmoja wa waliouawa alikuwa kaka yangu. Alitengeneza simu karibu na soko, na alikataa kufungua zile walizopora. Walimchoma kisu mchana kweupe, kwenye ngazi za kushukia sokoni, watu wakinunua nyanya.

Maman alikodi viti kwa ajili ya kilio chake. Genge likapitisha neno: atakayekaa pale ataonekana. Viti vilibaki vimepangwa rundo, na mwenye viti akaja kuvichukua kabla jua halijawa kali. Tulimzika sisi wa nyumbani, pamoja na padri.

Sasa fundi cherehani, katekista na muuza makaa walikuwa wamekaa chini ya turubai. Woga uleule uliowazuia kuja kwetu ndio uliowapeleka kule, maana vijana wa genge walisimama mlangoni wakitazama nani hajafika. Nilielewa hivyo, na wivu haukupungua.

Maman akatoka chumbani amevaa kitenge chake cha misa.

— Unaenda wapi?

— Kwa kilio.

— Cha huyo? Maman, uko mzima kweli?

— Watu iko kule, akasema. Mi niko na mutoto wa kulilia, nilikosa watu.

Nilimfuata. Alipita katikati ya wale vijana, akaketi kwenye mkeka wa mbele, ubavuni mwa mama wa marehemu, akapaza sauti. Alimwita kaka yangu kwa jina lake. Alililia mikono yake, shati alilovaa asubuhi ile, ngazi alizoangukia. Ngoma zikanyamaza.

Kijana mmoja akasogea.

— Maman, umekosea kilio. Hilo si jina la marehemu wetu.

— Sikukosea, papa. Wenu iko na watu wengi. Wangu aazime kidogo tu.

Kijana akamshika bega. Mama wa marehemu, ambaye hakuwa amenyanyua kichwa tangu tulipofika, akamtazama kijana yule.

— Muache alie. Mulimukatalia kilio kwake.

Akasogea, akampisha Maman mkekani. Kisha muuza makaa, aliyepita mbele ya mlango wetu siku ya kilio chetu bila kugeuka, akaitikia kwa jina la kaka yangu, na wanawake wengine wakafuata, mmoja mmoja, hadi nyuma kabisa.

Nikatafuta mahali pa kukaa. Hakukuwa na kiti hata kimoja kitupu.