Siku Tuliyokwepa Inspekshoni

Mimi simpendi mtu anayeniambia kwamba dereva wa gari la kampuni ana raha. Raha gani? Mume wangu aliendesha gari la mkate miaka mingi tukikaa Kariobangi, na ninavyomkumbuka, alikuwa na hofu kuliko mwizi. Alimwogopa meneja, aliwaogopa polisi wa trafiki, na kuliko vyote alikiogopa kitabu cha safari.

Kitabu chenyewe kilikaa mbele karibu na usukani, kimefungiwa kalamu kwa kamba. Kila alipokwenda sharti kiandikwe: ametoka wapi, anakwenda wapi, mita inasoma nini. Asubuhi msimamizi anatia sahihi, jioni anatia tena. Gari likionekana mahali ambapo kitabu hakikusema, dereva kwisha maneno yake. Na mlangoni palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba abiria hawaruhusiwi. Hata mimi mkewe sikuwa nimewahi kulipanda. Nilikuwa nikimtania, "Yaani mkate unapanda, mke hapandi?" Naye ananijibu, "Mkate una risiti. Wewe yako iko wapi?" Tunacheka.

Polisi nao walikuwa na yao. Wakishapanga mapipa barabarani, basi: leseni, kitabu cha gari, kitabu cha safari, stika ya inspekshoni, breki, taa, matairi. Gari lile lilikuwa zee na stika yake ilikuwa imekwisha. Meneja kila siku alisema mpya inaletwa kesho. Lakini gari likishikwa, anayepelekwa kortini ni dereva, si meneja. Haya, niambie haki iko wapi hapo.

Kwa hiyo madereva wakajipangia sheria yao. Ukipita kwenye inspekshoni kisha ukutane na mwenzako anayeelekea huko, unamwashia taa mara mbili, halafu unatoa mkono dirishani na kuupiga mlango kwa kiganja. Maana yake, usiende, tafuta njia nyingine. Haikujalisha ni kampuni gani. Wa mkate alimwashia wa soda, wa soda akamwashia wa gesi. Aliyepita kimya alijulikana, na siku hiyo hiyo akiingia hotelini hapati wa kukaa naye meza moja, anakunywa chai yake kama mgonjwa wa ukoma. Na aliyeashiriwa hakuuliza wala hakubisha. Aligeuza gari. Ilikuwa kama kuvuta mkono ukiguswa na moto.

Rafiki yake mkubwa katika kazi hiyo aliendesha gari la soda na alikaa Jericho. Walitoka upande mmoja wa Ukambani, wakaja Nairobi mwaka mmoja, na ndiye aliyemsimamia harusini. Aliniita shemeji, nami nilimpikia isyo kila alipokuja, maana alisema mahindi na maharagwe ya wake wa Jericho hayaivi. Mdomo wake ulikuwa mrefu, moyo wake mzuri. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka minne bila mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuuliza maswali ambayo si maswali. Unamkaribisha chai, anakwambia fulani wa kijijini amejifungua tena, mapacha. Nyinyi mliopitia hayo mnajua. Halafu mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata mimba, ikashika, ikakua. Mume wangu akawa kama mtoto mwenyewe. Akirudi jioni anasimama mlangoni na kusema, "Hamjambo humu ndani?" na niko peke yangu na jiko langu. Namjibu, "Hatujambo, baba." Uso wake wote unachanua.

Uchungu ulinianza asubuhi, wakati wa mvua ya masika. Usiku kucha ilikuwa imenyesha na mitaro yote ilikuwa imejaa. Jirani yangu, mama mmoja muuza mboga, mwenye watoto saba na asiyeshtuka ovyo, alinitazama, akaniona ninavyotokwa na damu, akashtuka. "Mama, hii si ya kungoja," akasema. Teksi hazikuja kwetu na simu ilikuwa mbali. Akafunga leso kiunoni, akakimbia hadi dukani ambako mume wangu huteremsha mkate kila asubuhi, akamngojea pale kwenye matope.

Wakaja wote wawili. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Alisukuma kreti za mkate upande mmoja, akatandika blanketi letu, akaninyanyua. Jirani akapanda nami. Nilimsikia akisema kabla ya kufunga mlango wa nyuma, "Kitabu nacho kitajijua." Yule mtu mwenye hofu! Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda wakati ule.

Nyuma mle palikuwa na kidirisha kidogo cha kuonea mbele. Niliona mgongo wa mume wangu, na kioo, na mvua. Mkate ulikuwa bado moto, harufu yake imejaa kote. Mtoto alikuwa akicheza, anasukuma kwa nguvu, na jirani aliweka mkono wake pale akacheka. "Huyu ana haraka kuliko sisi," akasema. Tukafika kwenye lami, gari likakazana kuelekea mjini, nikaanza kuamini kwamba tutafika.

Ndipo gari la soda likatokea mbele yetu. Nililijua kwa rangi. Likawasha taa mara mbili, ukatoka mkono dirishani, ukaupiga mlango kwa kiganja, likapita.

Mume wangu akakata kona pale pale. Haki ya Mungu, sidhani kama alifikiri. Mikono iligeuza yenyewe.

"Unakwenda wapi wewe?" nikapiga kelele.

"Inspekshoni iko mbele," akajibu bila kugeuka. "Abiria ndani, stika hakuna, safari haimo kitabuni. Watatuweka pale hadi mchana. Napita huku chini, natokea ng'ambo yao. Vumilia kidogo tu, mama."

Na msimlaumu haraka, kwa sababu mimi nimeshamlaumu vya kutosha kwa niaba ya wote. Alikuwa amewahi kuona magari yakizuiwa pale hadi mkate unakauka. Alikimbia kucheleweshwa. Alikuwa ananikimbiza mimi na mwanawe kwa njia aliyoijua.

Njia yenyewe ilikuwa ya udongo mweusi, inateremka hadi mashamba ya kando ya mto. Wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha ni uji. Tulishuka kidogo tu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure, gari likainama upande mmoja likakaa. Akatia gia ya mbele, akatia ya nyuma. Wapi! Kila akikanyaga mafuta linazama. Akaja akafungua mlango wa nyuma, amelowa chapachapa, akachukua kreti za mkate na kuzitupa chini ya matairi, mkate na vyote. Niliona mikate ikipondwa kwenye yale matope. Mtu ambaye hajawahi kurudi na mkate mmoja pungufu.

Jirani alikuwa akiomba kwa sauti. Mimi nilikuwa kimya, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Tulipoiacha lami mtoto alikuwa anacheza. Tulipokwama alicheza kidogo, kisha kidogo zaidi. Nikamwambia tumboni kwa lugha ya mama yangu, ngoja, mwanangu, ngoja baba anasukuma. Wanaume waliokuwa wakilima mashamba ya mahindi wakaja na majembe, wakachimba, wakasukuma, wakatutoa kinyumenyume hadi tulikotokea. Tuliporudi kwenye lami hakuwa anacheza tena.

Sasa hapakuwa na njia nyingine ila ile ile. Mume wangu akaenda moja kwa moja kwenye mapipa ya polisi. Afisa mmoja wa makamo, koti la mvua hadi magotini, akainua mkono, akaja. Mume wangu akaanza kueleza huku ameshika kitabu cha safari. Yule afisa hakukitazama. Alitazama matope yaliyomtapakaa hadi kifuani, akaenda nyuma, akafungua mlango, akaniona.

Hakuuliza leseni. Hakuuliza stika. Alilibingirisha pipa kwa mikono yake mwenyewe, akazuia magari mengine yote, akapanda pikipiki yake ya kazi. "Kwa nini mlipita kule, ndugu yangu?" akamwuliza mume wangu. "Si mngekuja tu kwangu?" Hakusema kwa ukali. Kisha akatutangulia hadi mlango wa hospitali, anapiga king'ora, magari yanatupisha kama sisi ni wakubwa wa nchi.

Afadhali angekuwa mbaya. Nimesema hivyo mara nyingi na nasema tena. Angekuwa katili ningepata wa kumchukia.

Alikuwa mvulana. Mzima, mzito, nywele nyingi. Mkunga alimfunga nguo nyeupe akaniwekea kifuani nimwone, akasema polepole, "Amechoka njiani, mama." Basi, hayo tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi siku ile niliujua hata kabla sijaitwa mzazi na mtu yeyote.

Meneja aliuliza habari za mikate, akaambiwa. Stika mpya ililetwa wiki ile ile.

Kwetu mtoto ambaye hakulia hafanyiwi matanga. Watu huja mmoja mmoja, wanakaa kidogo, wanaacha sukari na majani ya chai. Mume wangu aliwapokea wote kwa adabu, macho makavu. Hakuwa amelia hospitalini, hakuwa amelia kaburini. Usiku alikuwa anageukia ukuta, na akiingia nyumbani jioni alisema "Hujambo," basi.

Rafiki yake wa soda akaja Jumapili baada ya kanisa. Alikaa na kofia magotini, akasema maneno ya Mungu, akatusikitikia sana. Kisha, maskini, akatafuta neno la kututia moyo.

"Lakini angalau wale jamaa hawakuwashika," akasema. "Nilipoliona gari lako tu nikasema, huyu hana stika. Nikawasha taa, nikapiga mlango hadi kiganja kikaniuma. Mliniona?"

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Wuui, jameni! Maneno yalinijaa mdomoni, yote, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilifungua kinywa. Mume wangu akanitazama. Hakunikataza. Alinitazama tu, kama mtu anayeomba.

"Tulikuona," akamwambia rafiki yake. "Ulitusaidia sana. Asante, ndugu yangu."

"Ah, asante ya nini? Leo kwako, kesho kwangu," akasema yule mtu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Nikammiminia chai. Akanywa, tukaomba pamoja, mume wangu akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alifunga mlango, akakaa pale pale sakafuni, mgongo umeegemea mbao, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mchanga. Nikapiga magoti nimshike, na niliposikia kile kilio karibu na kifua changu maziwa yakaanza kutoka, yakalowesha blauzi yote, hayazuiliki. Mwili wangu ulikuwa bado haujaambiwa.