Sifa za Mzazi Mtulivu

Sijawahi kusifiwa kwa utulivu. Sokoni Morogoro, ninakouza karoti na kabichi za milimani, mteja akinitajia bei ya kihuni anaondoka na majibu yake. Sasa tazama maajabu: nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, watu wakaanza kunisifu kwa kunyamaza.

Nilikuwa nimerudi Bigwa kwa mama, kama ilivyo desturi, nikandwe maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Mzazi kwetu hatoki nje. Wageni humkuta chumbani, humtazama mtoto, humwombea dua, wakaenda zao. Mimi nililala nimegeukia ukuta. Nawasikia barazani wakiaga: "Ametulia huyo! Uzazi umemfunza adabu." Na mama anacheka kwa fahari.

Adabu gani, jamani? Sikuwa na nguvu ya kuwajibu, basi. Chakula hakikuwa na ladha. Mtoto akilala, mimi macho makavu. Akilia nampa ziwa, huku namtazama kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike, halafu najichukia kwa kumtazama hivyo. Nikaanza kuwaza kwamba angelelewa vizuri zaidi bila mimi, na mimi ningepumzika moja kwa moja. Wazo hilo likaja, likakaa, wala halikunitisha.

Arobaini ikatimia, mtoto akanyolewa, pilau ikaliwa. Sikutoka chumbani. Hapo mama akaingiwa na wasiwasi, akamtumia mjomba ujumbe mlimani. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Jibu likarudi: tusubiri, akimaliza kuvuna maharage atashuka aangalie kama wazee wa ukoo waliotangulia wanadai tambiko.

Maharage! Mimi nateketea, watu wanangoja maharage yakauke! Nilikasirika hadi nikaketi kitandani. Namshukuru Mungu kwa hasira ile, maana sikumbuki kuhisi kitu kingine tangu nijifungue.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, nikasema nampeleka mtoto mwenyewe. Nesi akampima, akafurahia uzito wake, kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, unaendeleaje?"

Wallahi, wengine wote walikuwa wameuliza habari za mtoto tu. Nikalia, nikamwambia yote, hata lile la kupumzika moja kwa moja. Hakushangaa, wala hakuniambia nishukuru nimepata mtoto mzima. Aliniuliza waziwazi kama nimepanga kujiua, kama nimewahi kutaka kumdhuru mtoto. Nikajibu hapana.

"Hii ni sonona," akasema. "Inawapata wazazi wengi, na inatibika. Leo hurudi nyumbani kabla daktari hajakuona."

Akampigia mama simu atukute hospitali, akatupeleka mwenyewe. Mama alipoona tumesimama mlango gani, akaninong'oneza, "Daktari wa vichaa? Watu watasemaje?"

"Watasema nimepona," nikamjibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Twende ndani."

Daktari alinisikiliza bila kutazama saa. Alinipa vidonge ambavyo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, akanipangia kurudi kila Jumatano kuzungumza, na akamwagiza mama nisiachwe peke yangu. Sikuamka siku ya pili nikicheza ngoma, nisikudanganye. Ilichukua majuma. Ila asubuhi moja mtoto alipiga chafya, nikacheka, na nikajua kabisa kwamba huyu ni wangu.

Mjomba alishuka maharage yalipokwisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia umekwenda hospitali bila kauli ya ukoo."

"Nimekwenda, mjomba. Tambiko fanyeni, nitakaa mbele kabisa. Lakini vidonge vyangu nameza, na Jumatano naenda kwa daktari wangu."

Mjomba akamtazama dada yake, akingoja anikaripie. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Mwache, kaka. Nilipomzaa huyu nilikaa ndani mpaka akaanza kutambaa. Mkasema nimetulia. Wewe mwenyewe ulisema."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. Nilikuwa sijui. Maisha yangu yote nimeishi na mama huyu, na nilikuwa sijui! Mjomba akaomba maji ya kunywa.

Jumatano iliyofuata mama alivaa mapema kuliko mimi, akafunga kitenge chake cha kutokea. Nikadhani anakuja kunishikia mtoto kama kawaida. Tulipoitwa, alinipakatisha mtoto, akatangulia kuingia, akavuta kiti cha mgonjwa.

"Daktari," akasema, "leo naanza mimi."