Nilimtengenezea Papa kamera inayogeuza kichwa, ili Idi tule naye sahani moja

Wakuu, salama huko mliko?

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa hapa. Nyuzi zenu za roboti nimezisoma tangu zamani na sijawahi kuandika hata neno. Niko Goma, quartier ya Mapendo, ni msichana, nasoma shule ya technique, option ya électricité, mambo ya umeme. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kitawachekesha. Chekeni tu.

Mambo yangu nimezoea kuyaandika kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Hili nimeona nililete kwenu kwa sababu nyumbani hakuna wa kumweleza habari za servo.

Sikutia chumvi. Mahali mtaona kitu ni kidogo, mjue kilikuwa kidogo.

Papa yangu ni dereva wa camion, lori la mizigo. Zamani alikuwa anapanda mpaka mji wa Kiwanja, anapakia maharagwe na mahindi, anarudi. Akifika Kalengera, njiani kurudi, anapiga simu, anasema neno moja tu, "Kalengera," anakata. Mama anaweka maji ya kuoga kwenye moto. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu.

Sasa usalama umeharibika, barabara imekuwa ya kubahatisha. Patron wake, mwenye camion, alimwambia abaki nayo Kiwanja, alale kwenye dépôt ya mizigo mpaka mambo yatulie.

Hayajatulia. Barabara ikiwa nzuri anakuja. Ikiwa mbaya, hatumuulizi.

Nyumbani kila mtu amemkosa. Mimi nimemkosa kwa namna yangu, acha nieleze.

Mimi siongei. Shuleni naweza kumaliza siku nimesema "présent" peke yake. Nyumbani nako wameshazoea, maneno yanapita juu ya kichwa changu. Papa ndiye alikuwa hakubali. Nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo ananiita Mama, na akitaka kunichokoza anauliza, "Mama, leo umegombana na nani?" Anajua sijagombana na mtu. Anataka tu nifungue mdomo.

Halafu kuna sahani.

Asili yetu ni Maniema, ni Waislamu, tunakula chini kwenye mkeka, sahani moja kubwa ya wote. Wali kila mtu anakula upande wake. Nyama haiguswi. Inakaa katikati mpaka mkubwa aigawe, anasukuma kipande kwa kidole mpaka mbele yako. Papa alikuwa ananiweka mwisho, na changu anakisukuma polepole huku ananiangalia, kwa sababu anajua mimi ni wa kuondoka mapema.

Huwezi kuondoka kama nyama yako bado iko njiani.

Tangu abaki Kiwanja anagawa mdogo wake, baba mdogo Ramazani. Ni mtu wa haraka, na anagawa haraka. Mimi nikawa naondoka na hakuna anayeona.

Ndipo nikaanza kufikiria kamera.

Video call tulishajaribu. Simu anashika mdogo wangu Sadiki, Papa anaona pua ya Sadiki. Akisema "nionyeshe mama yako," anaonyeshwa dari. Nikajiambia, Papa anahitaji shingo. Ageuke mwenyewe, aangalie anakotaka.

Kwa wale mtakaouliza vifaa: kadi ndogo yenye kamera na Wi-Fi ndani, servo mbili ndogo za bleu, vile vimota vya kugeuza, moja ya kushoto na kulia, moja ya juu na chini, na support ya plastiki ya kuzishika. Support ilikuwa imevunjika sikio, nikaliunga kwa kipande cha bidon ya mafuta na waya. Code nilichukua vipande kwenye nyuzi zenu, asanteni sana.

Papa anafungua page kwenye simu yake, anaona picha na mishale minne. Akibonyeza mshale, huku kwetu kichwa kinageuka. Picha zinakuja moja moja, kama mtu anayepepesa macho. Sauti tunatumia simu ya kawaida.

Palipokula muda wangu ni hapa: kila servo ikigeuka, kadi inazima na kuwaka upya. Nikabadilisha code, nikabadilisha tena, kumbe shida ni umeme. Servo zilikuwa zinakula chakula cha kadi. Nikazipa powerbank ya kwao peke yao, zikaanza kutetemeka kama mwenye malaria. Nilikuwa sijaunga masse, ule upande wa moins, ya powerbank na ya kadi pamoja.

Masse, wakuu. Ungeni masse kwanza.

Tena, majaribio nilikuwa nafanyia dirishani. Mama akaona.

"Ondoa hiyo kitu kwa dirisha," akaniambia. "Kamera inageuka yenyewe, inaangalia barabara, kesho batatuuliza tunaangaliaka nani."

Kwa mji wetu alikuwa na haki. Nikahamia chumbani, kwenye meza ninayosomea. Nakaa kwenye kiti, kamera iko mezani mbele yangu, naigeuza, inaniona vizuri kabisa. Na video zote nilizojifunzia ziko hivyo hivyo: mtu kwenye kiti, kamera kwenye meza, wanaonana uso kwa uso.

Mshaanza kuona kosa langu? Mimi sikuliona.

Ikafika Idi. Watu wametoka kuswali, pilau imepakuliwa, sahani iko katikati ya mkeka. Kamera nimeiweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima. Baba mdogo Ramazani akaizunguka akiiangalia.

"Sasa hii ndege yako itaruka saa ngapi?"

"Haiko ndege," Sadiki akamjibu. "Iko kichwa ya Papa."

Wakacheka. Mimi nikaingia nyuma ya rideau, pazia la mlango wa chumba, na kompyuta yangu. Nilisema naenda kusurveiller connexion, kuangalia mtandao usikatike. Ukweli ni kwamba nyuma ya rideau ndipo ninapopumua.

Papa akapiga, Mama akaweka haut-parleur, wote wasikie. Kamera ikageuka kulia. Ikageuka kushoto. Kelele sebuleni!

"Munaniona vile ninageuka?" Papa alikuwa na furaha, inasikika kabisa.

"Tunakuona! Na weye, unatuona?"

Kichwa kikageuka tena, huku na huku.

"Minaona kalendari," Papa akasema. "Minaona saa ya mukuta. Na kofia ya mutu. Ramazani, ile kofia ni yako?"

"Teremusha macho, grand!" baba mdogo akamwambia kaka yake.

"Ninabonyeza chini, inakataa."

Ilikataa kweli. Nilisikia servo inalia. Ile support ikiinama inagonga kitako chake, haiendi zaidi. Nilikuwa nimetengeneza shingo ya mtu anayekula mezani, na kwetu hakuna anayekula mezani. Nimekulia juu ya ule mkeka, na nikasahau kwamba tunakaa chini.

Nilitamani ile rideau inifunike moja kwa moja.

Pilau inapoa. Nikasikia baba mdogo anasema, "Bon, bismillahi, tukule. Tutamutumia picha kisha." Na mimi nilijua, wakianza bila yeye, ile kamera haitawashwa tena. Tutarudi kwenye pua ya Sadiki, na mimi nitarudi kuondoka mapema.

"Ngoja kwanza," Mama akasema.

Nikachungulia. Akasimama, akaishika kamera kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga, nyaya zinaning'inia.

"Papa yao anakulaka fasi gani?"

Wote tunapajua. Ni upande unaoelekea mlango. Tangu aende tulikuwa tumejinyoosha, fasi yake ikamezwa na magoti yetu.

"Songeeni," Mama akasema.

Wakasogea, goti kwa goti, mpaka mkeka ukaonekana. Akaiweka pale chini, usawa wa sahani.

Wote wakainamia simu. Picha zinachelewa, nimeshawaambia.

"Eh," Papa akasema. Halafu, "Eeeh. Sasa niko fasi yangu."

Kichwa kikaanza kutembea. Kikamkuta Sadiki.

"We Sadiki! Toa mukono kwa nyama!"

Sadiki akaruka kama aliyepigwa na umeme. Watu walicheka mpaka Mama akajifuta macho na kitenge.

"Ramazani," Papa akasema, "leo ninagawa mimi. Weye njo kidole yangu."

Na baba mdogo, mtu wa haraka, akawa kidole. "Ile ya mufupa, sukumia Sadiki. Ile ya pembeni, ya mama yake. Ile ya mafuta kula weye, kesho usiseme nilikuonea." Kila kipande kinangoja picha ifike Kiwanja na sauti irudi. Hakuna aliyelalamika.

Halafu kamera ikageuka tena, mshale mmoja mmoja. Ikapita watu wote. Ikarudi.

"Mama yangu iko wapi?"

Wote wakaangalia rideau. Nikatoka. Nikakaa palipobaki, ng'ambo ya sahani. Kamera ikanitafuta, ikanipita, ikarudi kidogo, ikasimama.

"Mama. Leo umegombana na nani?"

Watu wote wananiangalia. Nikasema, "Na servo, Papa."

Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Bon. Ramazani, imebaki moja, ile..."

Network ikapotea. Simu nayo ikakatika.

Mama akapiga, ile sauti ya mashine ikasema mtu hapatikani. Akapiga tena. Kipande kimoja kiko katikati, mikono ya watu iko kwenye magoti. Hata baba mdogo hakukigusa.

Sadiki ndiye alishindwa kuvumilia. "Sasa ile ni ya nani?"

"Angalia kamera," Mama akamwambia. "Inaangalia nani?"

Servo zisipopata amri mpya zinabaki pale zilipoachwa. Ndiyo tabia yao, mnaijua kuliko mimi, hakuna muujiza hapo. Sadiki akafuata jicho la kamera mpaka kwangu. Akasukuma ile nyama kwa kidole chake, polepole, kama Papa.

Nikakaa, nikangoja ifike.

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kupima pembe za servo, nenda ukakae pale mtu wako anapokaa. Mimi nilipima kila kitu isipokuwa mkeka.

Papa bado yuko Kiwanja. Siku nyingi page haifunguki kabisa, na kamera inakaa tu kwenye fasi yake bila kugeuka. Mama hakubali iondolewe. Tukila, mimi ndiye naketi mbele yake.

Mwenye kujua namna ya kufanya picha zipite haraka kwenye network dhaifu, anielekeze. Na kama yupo aliyewahi kutengeneza kitu kwa ajili ya mtu wa mbali, aniandikie, hata mstari mmoja.

Mimi si mwepesi wa kujibu. Lakini nitajibu kila mmoja.